Mto Ulio Chini ya Mabwawa: Namna Mji Mdogo Unavyolinda Maji Yake

Leo hapa Moshi tumekutana madiwani, watendaji wa kata na vijiji, viongozi wa jumuiya za watumia maji, walimu na wakulima wa mpunga, tuzungumze hadharani juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele za watu. Kinyesi na maji ya kuogea ni mambo ya faragha mpaka yanapofika mtoni. Yakishafika huko ni ya wote.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mtambo mdogo wa kusafisha majitaka, hata ule wa mabwawa matatu au manne ya udongo yasiyo na umeme wala injini, unaweza kuulinda mto wa mji mdogo kwa kiasi kikubwa sana, na kwamba ulinzi huo unategemea kazi ya kila siku kuliko unavyotegemea ujenzi. Fedha za kujenga hupatikana, iwe kwa mkopo au kwa msaada, na siku ya uzinduzi watu hujaa. Fedha za kuondoa tope miaka mitatu baadaye hazina mtetezi. Hapo ndipo mito yetu inapopotea.

Wengi wenu mmetoka katika miji midogo inayokua haraka, kama Himo na Bomang'ombe, na baadhi yenu mmeyaona mabwawa ya majitaka ya Moshi yaliyoko Mabogini. Nitakuwa nikirejea huko mara kwa mara. Hapa mezani nimeweka chupa tatu za maji ya mabwawa ya namna hiyo. Ya kwanza ni ya maji yanapoingia, ya pili ni ya bwawa la katikati, na ya tatu ni ya maji yanapotoka. Vifuniko vimekazwa. Zipitisheni, mziangalie kwenye mwanga wa dirisha, lakini tafadhali asifungue mtu.

Hoja ya kwanza: Mto una pumzi, na pumzi hiyo ina kipimo

Majitaka ya nyumbani ni maji matupu kwa zaidi ya asilimia 99. Kinachoudhuru mto ni ile sehemu ndogo iliyobaki, yaani kinyesi, mkojo, mabaki ya chakula, mafuta ya kupikia na sabuni. Vitu hivyo vikiingia mtoni, bakteria huanza kuvila, na katika kuvila hutumia oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji. Ni oksijeni hiyohiyo wanayovuta samaki, konokono na wadudu wa majini. Inapopungua, samaki huonekana wakipanda juu alfajiri wakitweta. Wanaobaki mwisho ni kambale, kwa kuwa kambale ana kiungo cha kumwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji. Mvuvi akikwambia kwamba siku hizi mto wake hautoi kitu isipokuwa kambale, amekwisha kukupa kipimo kabla hujafungua kisanduku chako cha vipimo.

Sasa tufanye hesabu, na wanafunzi walioko nyuma wanisaidie. Maji yenye joto la nyuzi 25 hayabebi zaidi ya gramu 8 hivi za oksijeni katika kila mita moja ya ujazo. Yakipata joto zaidi hubeba pungufu ya hapo. Uchafu anaoutoa mtu mmoja kwa siku unahitaji gramu 50 hivi za oksijeni ili uoze. Maana yake ni kwamba mtu mmoja, kwa siku moja, anaweza kumaliza pumzi yote ya mita 6 za ujazo za maji ya mto. Chukua mji wa watu 5,000. Uchafu wao wa siku moja unadai kilo 250 za oksijeni, nayo ndiyo oksijeni yote iliyomo katika mita za ujazo zipatazo 31,000. Ili mto ulete maji kiasi hicho kila siku, unatakiwa kutiririsha karibu lita 360 kwa sekunde, usiku na mchana. Wazee wanaovijua vijito vya mlima huu mwezi wa Septemba na Oktoba watuambie ni vingapi vinavyofikia kiasi hicho.

Niwe mwaminifu kwa mto. Hauzimiki papo hapo. Uozo huchukua siku kadhaa, na wakati huo maji yanavuta oksijeni mpya kutoka hewani, hasa pale yanapogonga mawe na kuporomoka. Ndiyo maana kijito cha mteremkoni huvumilia uchafu ambao ungeua mto uliotulia tambarare. Uvumilivu huo hutupumbaza. Mji ulioko juu huona maji yake yanakimbia safi, kumbe madhara yametua kilomita kadhaa chini, kwa watu wengine.

Kazi ya mabwawa ni kuufanya uozo utokee ndani ya ukuta badala ya mtoni. Bwawa la kwanza huchimbwa kwa kina cha mita 2 hadi 5, na maji hukaa humo siku moja hadi tatu. Uchafu mzito hushuka, na bakteria wasiohitaji oksijeni huumeng'enya kule chini. Vile viputo mnavyoviona juu ya maji ni gesi wanayoitoa. Katika joto la tambarare zetu, bwawa hilo peke yake huondoa zaidi ya nusu ya uchafu unaodai oksijeni. Hapa hali yetu ya hewa inatusaidia, kwa sababu bakteria hao huzubaa kwenye baridi na huchapa kazi kwenye joto.

Bwawa la pili lina kina kifupi zaidi, mita moja na nusu hivi, na ndilo lililotoa chupa ile ya kijani. Ukijani huo ni mwani, yaani mimea midogo isiyoonekana kwa macho ikiwa mmoja mmoja. Mchana mwani hutumia jua kutengeneza oksijeni, bakteria huitumia oksijeni hiyo kuozesha uchafu, na hewa ukaa wanayoitoa bakteria inakuwa chakula cha mwani. Katika mitambo ya miji mikubwa oksijeni hiyo huingizwa kwa mashine za umeme zinazozunguka saa 24. Watafiti wawili wa Manchester, Uingereza, Ardern na Lockett, waliitangaza njia hiyo mwaka 1914, na ni njia nzuri kwa mji wenye umeme wa uhakika, mafundi na vipuri. Mji wa watu 5,000 ambao umeme wake ukikatika jioni hurudi asubuhi ni afadhali uutegemee mwani. Nalisema hili baada ya kuona mashine nyingi zimesimama.

Turudi kwenye hesabu yetu. Watu 5,000 wakitoa lita 80 za majitaka kila mmoja, tunapata mita za ujazo 400 kwa siku. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 hapa Tanzania zinataka maji yanayotoka yasidai zaidi ya gramu 30 za oksijeni kwa kila mita ya ujazo. Mabwawa yakifikia kiwango hicho, mji mzima unaupelekea mto mzigo wa kilo 12 kwa siku badala ya kilo 250. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayoamua kama samaki watakuwapo.

Kipimo chenyewe kina historia inayotuhusu. Tume ya Kifalme ya majitaka ya Uingereza, katika ripoti yake ya nane ya mwaka 1912, ilipendekeza gramu 20 kwa mita ya ujazo, ikipimwa kwa muda wa siku 5. Lakini ilipendekeza hivyo kwa sharti kwamba mto unaopokea maji hayo uyachanganye na maji safi angalau mara nane. Sharti hilo husahaulika. Kwa mji wetu wa mfano, mara nane ni mita za ujazo 3,200 kwa siku, au lita 37 kwa sekunde. Wakati wa masika hilo si tatizo. Kiangazi, baada ya mifereji ya juu kuchukua maji yake, kuna vijito ambavyo havifikishi lita hizo. Kwa hiyo mji ulio kando ya kijito kidogo usiridhike kwamba karatasi ya maabara imeonyesha 30. Uulize pia mtoni kuna maji kiasi gani siku hiyo.

Hoja ya pili: Asilimia 99 haitoshi

Hoja hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inahusu watoto. Maji yanaweza kuwa hayanuki, yana oksijeni ya kutosha, samaki wanaogelea humo, na bado yakabeba kipindupindu, homa ya matumbo na mayai ya minyoo.

Kikombe kimoja cha majitaka mabichi, tuseme mililita 100, huwa na bakteria wa kinyesi milioni 10 au zaidi. Mtambo wa mashine usiokuwa na hatua ya mwisho ya kuua vimelea ukiondoa asilimia 99 ya hao, mtu hujivuna. Piga hesabu. Asilimia moja ya milioni 10 ni 100,000. Kwa maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliweka ukomo wa bakteria 1,000 kwa mililita 100, na yai la mnyoo lisilozidi moja kwa lita. Kushuka kutoka milioni 10 hadi 1,000 ni kuondoa asilimia 99.99. Kila tisa inayoongezwa hapo mwisho ni kazi kubwa, na mabwawa yaliyopangwa vizuri huifanya bila kemikali.

Huifanyaje? Kwa muda na kwa jua. Mabwawa ya mwisho, yale ya kukomaza maji, yana kina cha mita moja tu au zaidi kidogo ili mwanga ufike chini. Saa za mchana mwani hunyonya hewa ukaa kwa nguvu kiasi kwamba maji hubadilika na kuwa na magadi makali, na bakteria wa kinyesi, waliozoea utumbo wa mtu, hawavumilii hali hiyo pamoja na jua kali na oksijeni nyingi kwa siku mfululizo. Mayai ya minyoo huondoka kwa njia nyingine: ni mazito kuliko maji, hivyo maji yakitulia kwa siku za kutosha huzama na kubaki kwenye tope. Yai la mnyoo wa tumbo linaweza kuishi udongoni kwa miaka. Likizama bwawani halimfikii mtoto anayecheza mferejini.

Na kichocho, ambacho wakulima wa mpunga wa ukanda wa chini mnakijua vizuri, kina hesabu yake. Mayai yake yakifika kwenye maji matamu huangua, na kiluwiluwi hutafuta konokono kabla ya kumrudia binadamu. Majitaka mabichi yakimwagwa karibu na mfereji wenye konokono, mnakuwa mmeukamilisha mzunguko kwa mikono yenu. Mabwawa huukata mzunguko huo kwa sababu mayai hubaki chini na viluwiluwi hufa kwa kukosa konokono, ila kwa sharti moja: kingo za mabwawa ziwe safi. Nyasi zikining'inia majini, konokono hupata makao na mbu hupata kitalu. Kufyeka nyasi za kingo ni kazi ya afya, hata kama kwenye daftari la mishahara imeandikwa kama usafi wa bustani.

Mama mmoja hapo mbele ameinua chupa ya tatu na kunitazama kwa mashaka. Ni kweli, mama, bado ina ukijani. Mabwawa hayatoi maji meupe. Mwani mwingine hutoka nayo, na huo ni udhaifu wake halisi. Lakini hiyo ya tatu, pamoja na ukijani wake, ni salama zaidi kwa ngozi ya mkulima kuliko maji meupe yaliyotoka kwenye mashine isiyoua vimelea. Macho hayapimi bakteria.

Hoja ya tatu: Rutuba ikizidi ni uchafu, ikienda shambani ni mali

Hapa nitapita kwa haraka. Majitaka yana naitrojeni na fosforasi, na mabwawa huondoa fosforasi kwa kiasi kidogo tu. Virutubisho hivyo vikifika kwenye maji yaliyosimama hulisha mwani na magugu. Watu wa Ziwa Viktoria wanakumbuka gugu maji lilivyoanza kufunika ghuba zao mwishoni mwa miaka ya 1980. Lililetwa na mambo mengi, lakini lilishiba kwa rutuba iliyotoka mashambani na mijini. Sisi tuko juu ya bwawa la Nyumba ya Mungu, na chini yake mto Pangani unakwenda hadi baharini. Tunachokimwaga hapa kina safari ndefu.

Njia bora kwa ukanda huu mnaifanya tayari huko Mabogini, pale maji yaliyopita kwenye mabwawa yanapotumika kwenye mashamba ya mpunga. Mpunga unahitaji kile ambacho mto haukihitaji. Kwa miji isiyo na mashamba karibu, shamba la matete lililotandikwa kokoto baada ya bwawa la mwisho huchuja mwani na kupunguza rutuba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi nyingi juu ya matete haya ya kwetu yanayoota kando ya mito, na hayahitaji kuagizwa kutoka popote. Mkulima naye avae gambuti, anawe, na mboga za saladi asizimwagilie mpaka apate majibu ya maabara.

Hoja ya nne: Uchafu mwingi haupiti kwenye bomba

Katika miji yetu midogo, nyumba zilizounganishwa kwenye bomba la majitaka ni chache, na mingine haina bomba hata moja. Watu wanatumia vyoo vya shimo na makaro. Kwa hiyo mtambo unaopokea maji ya bomba tu unalinda mto dhidi ya sehemu ndogo ya mji. Uchafu uliobaki unategemea nini kitatokea siku shimo litakapojaa.

Sote tunajua linalotokea. Mwenye uwezo huita gari la kunyonya. Asiye na uwezo, au anayeishi kwenye uchochoro usioingia gari, husubiri mvua kubwa na kutapisha choo. Anatoboa tundu ubavuni, mafuriko yanachukua kila kitu, na asubuhi mtaro umebeba mzigo wa miaka mitatu hadi kijitoni. Na gari nalo, ikiwa kituo cha kumwaga kiko mbali au ushuru wake ni mkubwa, dereva hupata korongo la karibu. Sitawalaumu watu maskini kwa kufanya walichoachiwa kufanya. Nalaumu mpango unaojenga mabwawa bila kufikiria barabara ya gari wala bei ya safari.

Tambueni uzito wa gari moja. Kilichomo kwenye karo kimekaa muda mrefu na kimekolea mno. Mita moja ya ujazo inaweza kudai kilo 5 za oksijeni. Gari la mita 10 linabeba basi kilo 50, sawa na uchafu wa siku moja wa watu 1,000. Likimwagwa mtoni mara moja, mto unapokea kwa dakika 15 kile ambacho mji wetu wa mfano, ukiwa na mabwawa mazuri, ungeupelekea kwa siku nne. Likimwagwa ovyo kwenye bwawa la pili, mwani wote hufa na mabwawa huchukua wiki kadhaa kupona. Kwa hiyo kila mtambo mdogo uwe na mahali pake pa kupokelea magari: tangi la kutuliza, vitanda vya mchanga vya kukaushia tope, na maji yanayochuja hapo ndiyo yaende kwenye bwawa la kwanza. Na ushuru wa kumwaga uwe mdogo, hata ukaribie sufuri. Hasara ya ushuru ni ndogo kuliko hasara ya korongo.

Hoja ya tano: Mlinzi wa mto ni mhudumu wa mabwawa

Naomba tusimame kidogo pale maji yanapoingia, kwa sababu wageni wanaoletwa kutembelea mabwawa huwa hawapelekwi hapo. Bomba la zege linamwaga kwenye mfereji mwembamba. Katikati ya mfereji kuna wavu wa nondo uliosimamishwa kwa mshazari, nafasi kati ya nondo na nondo ikiwa kama vidole viwili. Mhudumu anafika saa 12 na nusu asubuhi, kabla maji ya kuoga ya mji hayajaongezeka. Amevaa gambuti na glavu ndefu. Anashusha reki yenye meno yanayoingia kati ya nondo, anaivuta juu polepole, na vitu vinapanda: vipande vya khanga, nepi, pedi, mifuko, magunzi ya mahindi, kandambili ya mtoto, nywele za saluni zilizosokotana na nyuzi za gunia, na mafuta yaliyoganda juu ya vyote. Anavikusanya pembeni vichuje, kisha anavizika shimoni na kuvifunika kwa majivu au udongo. Baada ya wavu anachota mchanga kwa koleo kutoka kwenye mfereji wa kutulizia. Anarudia kazi hiyo mchana na jioni. Siku ya mvua kubwa hana muda hata wa kula.

Asipofika siku mbili, wavu unaziba, maji yanapanda, yanatafuta njia ya pembeni na kuingia mtoni bila kupita popote. Mtambo wote wa mamilioni unakuwa umezungukwa kwa sababu ya khanga iliyochanika. Niliwahi kufika kwenye mtambo mmoja na kukuta mhudumu hana glavu. Alikuwa ameziomba kwa barua, mara zaidi ya moja. Mtu huyo anasimama kati ya kinyesi cha mji mzima na watoto wanaochota maji chini, na anastahili glavu, chanjo, sabuni, bafu la kuogea kazini, na mshahara unaofika kwa wakati. Nalisema mbele ya madiwani kwa makusudi.

Kisha kuna tope. Kwa wastani kila mtu huchangia lita 40 za tope kwa mwaka kwenye bwawa la kwanza. Mji wa watu 5,000 unajaza mita za ujazo 200 kwa mwaka. Bwawa likifika theluthi moja limejaa tope, ni wakati wa kuliondoa. Kwa kawaida hiyo ni kila mwaka mmoja hadi mitatu, kulingana na ukubwa wake. Lisipoondolewa, maji yaliyotakiwa kukaa siku tatu hukaa saa chache. Yanapita juu juu, na uchafu unahamia bwawa la pili, kisha la tatu. Kwa nje hakuna kinachobadilika: uzio upo, kibao kipo, maji yanaingia na kutoka. Ni mto tu unaojua. Kupima hakuhitaji mtaalamu kutoka mbali. Chukua mti mrefu, uuzungushie taulo jeupe sehemu ya chini, uushushe wima hadi sakafuni, uupandishe taratibu. Mahali taulo lilipochafuka kwa tope jeusi panaonyesha kimo chake. Andika tarehe na sentimita kwenye daftari. Mhudumu anaweza kufanya hivyo kila baada ya miezi mitatu akiwa na mwenzake na mtumbwi mdogo au daraja la mbao.

Ndugu Mwenyekiti, kama jumuiya ingeniuliza itumie wapi shilingi yake, ningejibu hivi: jengeni mabwawa madogo kuliko mnavyotamani, na fedha inayobaki iwekeni kwenye akaunti ya tope. Mabwawa ya watu 5,000 yanataka hekta moja hadi mbili za ardhi, na ardhi hiyo itengwe sasa, kabla viwanja havijauzwa. Itafutwe mahali pa chini ya mji ili maji yaende yenyewe bila pampu, mbali na makazi kwa ajili ya harufu, na nje ya zile mita 60 za ukingo wa mto zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Hatua zinazofuata

Nimeulizwa na baadhi yenu kabla ya kikao: sisi wananchi tuna nafasi gani? Mnayo, na sheria inaitambua. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, anayetiririsha majitaka mtoni lazima awe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Ofisi ya bonde la Pangani iko hapahapa Moshi. Kibali hicho kina masharti, na masharti yana namba. Viongozi wa jumuiya za watumia maji mnaweza kwenda kuuliza namba hizo, na kuomba majibu ya vipimo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, kwa Kiswahili, karibu na bei za soko, mahali watu wanaposimama kusoma.

Kwa walimu nina ombi la pekee. Shule zilizo kando ya mito zianze kuhesabu wadudu wa majini walio chini ya mawe, juu ya mahali maji ya mji yanapoingia na chini yake, kila muhula. Viluwiluwi wa wadudu kadhaa hawaishi penye oksijeni haba, na mtoto wa darasa la sita anaweza kujifunza kuwatambua kwa siku moja. Madaftari ya shule kumi kwa miaka mitano yatakuwa na habari ambazo hakuna ofisi inayo, na nitafurahi kuja kuyasoma pamoja na wanafunzi wenyewe.

Kwa waheshimiwa madiwani, bajeti ya mwaka ujao bado haijafungwa. Ingizeni mstari wa kuondoa tope, ingizeni vifaa vya wahudumu, ingizeni tangi la kupokelea magari. Kazi ya kuondoa tope inafaa ifanyike Januari na Februari, jua likiwa kali na vitanda vikikauka upesi, kabla masika hayajaanza mwezi wa Machi. Ili mtu awe bwawani na koleo Januari, zabuni itangazwe kufikia Oktoba. Nimeleta nakala za makadirio ya kazi hiyo kwa mji wa watu 5,000, ziko kwenye meza ya mlangoni, na mhandisi yeyote wa halmashauri anayetaka tukae tuzipitie pamoja kwa vipimo vya mji wake, niko hapa hadi jioni.

Ndugu Mwenyekiti, nakaribisha maswali, na ningependa tuanze na wakulima wa Mabogini.